Mnanaa Hauulizi Ekari

Ipo asubuhi moja, mwanangu, ambayo bado naiona wazi kana kwamba naitazama dirishani. Baba yangu alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni kwetu, kule juu Nyaramba, upande wa Nyamira, jembe begani na udongo mwekundu umemganda mpaka magotini. Mimi nilikuwa nikichambua mboga. Harusi yangu ilikuwa imekaribia. Akaniambia maneno ambayo binti anayejiandaa kuolewa hapendi kuyasikia.

"Kemunto, mimi sikatai uolewe. Kijana nimemwona, ana adabu. Lakini watu wake ni watu wa saruji. Wanakaa juu ya duka. Chini yao saruji, mbele yao lami. Mtu asiye na mahali pa kupanda hata kitunguu, huyo ana nyumba, hana boma. Siku watakayonionyesha kitu walichokipanda kwa mkono wao, nitakuja kunywa chai kwao. Kabla ya siku hiyo wasiniite."

Akaenda zake shambani.

Usimcheke baba yangu. Kwetu Gusii ardhi humtambulisha mtu kabla hajafungua kinywa. Baba alikuwa amekilima kile kilima tangu ujana wake, chai upande wa juu, migomba katikati, mboga karibu na jikoni. Wazee husema mchagua jembe si mkulima. Yeye hakuchagua jembe, hakuchagua mvua, hakuchagua siku. Mtu wa namna hiyo ukimwonyesha nyumba isiyo na udongo, anaona kama umemwonyesha chungu kisicho na kitako.

Nakusimulia haya kwa sababu nawasikia nyinyi vijana siku hizi. Babu aligawa, baba akagawa tena, na kipande kilichobaki hakitoshi hata kugeuzia mkokoteni. Basi mnapanga chumba Suneka, nje kidogo ya mji, au ghorofani hapa mjini, mnaingiza kitanda na runinga, halafu mnakaa mkisema, "Nitapanda nikipata shamba." Siwalaumu. Nataka tu mjue nilivyofunzwa na mwanamke ambaye maisha yake yote hakumiliki hata upana wa mkeka wa ardhi, na mikono yake haikukosa kijani siku hata moja.

Huyo alikuwa mama mkwe wangu, Bi. Saumu. Baba yake alikuja Kisii na biashara kutoka upande wa Tanga, mama yake alikuwa Mgusii wa hapahapa, na yeye akakua na ndimi mbili zilizonyooka: Kiswahili chao cha nyumbani, na Ekegusii ambacho watu wasiomjua hawakutarajia kukisikia kinywani mwake. Alikuwa mjane. Yeye na mwanawe Hamisi, mume wangu, waliendesha duka la vitambaa, na sisi sote tuliishi juu ya duka hilo. Nyuma kulikuwa na roshani ya saruji inayotazama kichochoro, nusu imefunikwa mabati, nusu iko wazi. Hapo ndipo tulipofulia nguo, tulipoosha vyombo, tulipoanika mahindi. Mjini niliitwa Mariamu, nyumbani nikabaki Kemunto. Majina yote mawili naitika mpaka leo.

Miezi ya mwanzo nilikosa usingizi kwa kukosa udongo. Unacheka? Binti wa shamba akikaa mahali asipokanyaga ardhi asubuhi, anajiona kama mtu aliyevaa viatu vya mwenzake. Mama yangu alikuja kuniona, shangazi zangu walikuja. Baba hakuja. Kwetu mzazi wa binti haingii kwa wakwe kama anayeingia sokoni. Hualikwa, akajiandaa, akaja na heshima zake. Hamisi alimwalika, na mwaliko ukarudi na salamu tupu.

Siku moja Bi. Saumu aliniuliza, tukiwa tunakunja majora ya vitambaa, "Mwanangu, baba yako ana nini nasi?"

Nilijaribu kulizungusha neno. Yeye akaacha kukunja, akaningoja. Nikamweleza kama nilivyoambiwa, saruji na lami na kitunguu. Nilidhani atachukia. Alicheka mpaka akashika meza.

"Baba yako ana haki yake," alisema. "Mtu lazima ajue mwanawe amepandwa wapi. Nyumba njema si mlango, lakini yeye atajuaje, na ndani hajaingia? Haya, tupande."

"Tupande wapi, Mama?"

Akanishika mkono mpaka roshani. Pembeni, karibu na mfereji wa maji, kulikuwa na chungu cha udongo kilichopasuka ukingo, na ndani yake mnanaa. Nilikuwa nimeuona kila siku bila kuutazama. Alikuwa akichuma jani moja moja kwa chai yake ya rangi ya alasiri. Harufu ile ndiyo iliyokuwa harufu ya nyumba.

"Mama," nilisema, "baba yangu ataita haya majani tu."

"Na ile chai inayowajengea nyumba huko kwenu Nyamira," akasema, "ile ni nini, kama si majani?"

Nikachuma jani moja, nikalinusa.

Basi akaanza kunifundisha. Mimi niliyekuwa nimepalilia tangu utotoni nikajikuta naanza darasa la kwanza. Kwanza aliniambia nisitafute mbegu. Mnanaa hauaminiki kwa mbegu. Ukitaka ule ule unaoupenda, lazima uchukue kipande cha mwili wake. Akachagua matawi machanga yasiyo na maua, yenye urefu wa kiganja, akayakata kwa kisu kikali chini kidogo ya kifundo, pale majani yanapotokea. Majani ya chini akayaondoa, ya juu akayaacha. Akayasimamisha kwenye gilasi ya maji, akaiweka dirishani pa jikoni, penye mwanga lakini pasipo jua la kuchoma.

"Maji tutayabadilisha yasinuke," alisema. "Na jani lisizame, litaoza. Mengine mwachie Mungu."

"Kwa nini tusikipasue kile chungu kikubwa tugawe mizizi?" niliuliza. "Tutapata mingi mara moja."

"Tutakigawa. Lakini huvunji nyumba ya zamani kabla ya mpya kuezekwa. Hawa watoto wakishika, ndipo tutamgusa mama yao."

Vinyuzi vyeupe vilipotokea kwenye vifundo, nilipiga vigelegele peke yangu jikoni. Nilikwenda kumsalimu mama yangu, nikarudi na gunia dogo la udongo wa shambani na samadi iliyokauka na kuoza vizuri. Tukachanganya na mchanga kidogo ili maji yasituame. Bi. Saumu akatafuta kila kitu kilichoacha kazi yake: mikebe ya mafuta ya kupikia, ndoo iliyovunjika mpini, sufuria iliyotoboka, karai la zamani. Alinipa msumari na jiwe, nikatoboa matundu chini ya kila kimoja. Hapo alikuwa mkali. "Chungu kisichotoboka ni kaburi," alisema. "Mnanaa unapenda kunywa, haupendi kuogelea."

Nikapanda. Na hapo, mwanangu, ndipo ujana wangu uliponishinda. Kila asubuhi nilishuka kitandani nikaenda kuchungulia. Majani yalikuwa yamelala kidogo, kama mgeni asiyejua akae wapi. Nikaanza kuvuta mche mmoja mmoja taratibu nione kama umeshika, kisha naurudisha na kuugandamiza kwa vidole. Kesho yake navuta tena. Miche niliyoivuta ikaanza kunyauka.

Bi. Saumu alinikuta nimechutama, mche umening'inia mkononi. Hakupaza sauti. Alikalia ndoo iliyopinduliwa, akaniuliza, "Mwanangu, ukimwamsha mtoto kila mara kumwuliza kama amelala, atalala saa ngapi?"

Nilitaka kujitetea, nikasema nilikuwa naangalia tu.

"Unaangalia kwa mikono. Angalia kwa macho. Mzizi hufanya kazi gizani, na kazi ya gizani haitaki shahidi. Wewe mwagilia, ondoka, kapike." Kisha sauti ikalainika. "Na baba yako vilevile. Kila juma unamtuma mtu kumwuliza atakuja lini. Mwache. Neno limeshapandwa."

Nilikuwa sijamwambia kwamba nilikuwa nikituma watu. Alijua. Wazee wana macho mgongoni.

Nikauacha mnanaa ulale. Nikamwacha baba pia. Subira huvuta heri, husema wazee, nami niliona kwa macho yangu inavyovuta: majani yakasimama, ncha mpya zikatokea, nyororo kama masikio ya mwana-mbuzi. Bi. Saumu akanionyesha jinsi ya kufinya ncha kwa kucha ya kidole gumba, ili tawi moja litoke mawili. Niliona uchungu kukata kitu kinachojitahidi hivyo. "Ukiuogopea, utarefuka kama mlingoti ukose majani," alisema. "Ufinye ujue unapendwa."

Watoto walipokuwa wamesimama, ndipo tukamwendea mama yao. Tulikipindua chungu kikuu, na bonge zima likatoka likiwa limeshikana, mizizi imezunguka na kuzunguka kama uzi kwenye kibiringo. Ulikuwa umebanwa, maskini, haukuwa na pa kwenda; ndiyo maana majani yake yalikuwa madogo na ya manjano. Bi. Saumu akachukua kisu cha mkate akalikata bonge lile vipande, kila kipande na mizizi yake na macho yake, mimi nimeziba mdomo kwa mikono. Tukavipanda. Muda si muda roshani ikawa kijani toka ukuta hadi ukuta, na wateja waliokuwa chini dukani wakaanza kuinua vichwa na kuuliza ni nini kinachonukia.

Hamisi akapeleka mwaliko. Safari hii aliongeza neno moja: tumepanda. Baba akajibu kwamba atakuja.

Sasa mvua ya Kisii unaijua. Asubuhi jua, mchana jua, alasiri wingu linashuka kutoka vilimani kama lililoitwa. Nilikuwa nimevitoa vyungu vyote chini ya mabati nikavipanga kwenye jua la asubuhi, vipendeze kwa ajili ya mgeni aliyekuwa anakuja siku chache mbele. Tulikuwa dukani, mimi na Bi. Saumu, tunampimia mteja kitambaa cha sare, tuliposikia kishindo juu ya mabati. Mvua ya mawe. Nilipanda ngazi mbio nikafungua mlango wa roshani na mawe yakanirudisha ndani. Yalikuwa makubwa, yanaruka kwenye saruji kama mahindi kikaangoni. Nilisimama mlangoni nikitazama. Hakuna la kufanya. Majani yalikatwa, mashina yalivunjika, mikebe mingine ilianguka ikabingirika mpaka ukutani.

Ilipokoma, roshani ilikuwa nyeupe na harufu ya nanaa ilikuwa kali kuliko siku zote. Hilo ndilo lililoniliza. Nilikaa chini kwenye barafu ile nikalia kama mtoto, si kwa ajili ya majani, bali kwa sababu nilimwona baba yangu mawazoni, amesimama mlangoni na jembe lake, anasema nilijua.

Bi. Saumu aliinua mikebe iliyoanguka. Aliisimamisha mmoja mmoja, akagusa udongo, akaurudisha uliomwagika. Kisha akaingia jikoni akatoka na kisu.

"Mama, unafanya nini?"

"Nakata."

"Kimebaki nini cha kukata?"

"Hicho hicho kilichobaki." Akashika shina moja lililochanika akalikata karibu kabisa na udongo, likabaki kama kidole. Akaenda kwenye chungu cha pili. "Heri kufa macho kuliko kufa moyo, mwanangu. Mawe yamepiga majani. Mzizi yameupata wapi? Tukiyaacha haya makovu juu, mmea utapoteza nguvu kuyauguza. Tukikata, utaanza upya. Chukua kisu kingine."

Nilichukua. Nilikata roshani nzima, mpaka pakabaki vyungu vya udongo mtupu vilivyochomekwa vijiti. Kama angepita mtu wakati huo angedhani tunafanya uchawi. Tukampelekea baba neno kwamba ziara isogezwe mbele, mnanaa umepigwa na mvua ya mawe. Jibu lilikuja kupitia kwa mama yangu, na mama aliona haya kulitoa. Baba alikuwa amesema, "Mtu wa mjini hakosi sababu."

Bi. Saumu alilisikia. Kwa mara ya kwanza nilimwona amekasirika, alikaza kilemba chake, akasema, "Vizuri. Sasa atakuja hata kama nitamfuata mwenyewe."

Haikufika huko. Udongo ulikuwa na unyevu, jua lilirudi, nasi tulikaa tusiguse. Siku moja nikiwa naanua nguo niliona kitu chekundu-kijani kimetokeza pembeni mwa mkebe, si kwenye kijiti nilichokata, bali pembeni kabisa, kikitoka chini. Kisha kingine. Kisha nikaacha kuangalia kimoja kimoja, kwa sababu kila chungu kilikuwa kimefumuka. Ulirudi mzito kuliko ulivyokuwa, mwanangu. Matawi yalisongamana, majani mapana, rangi ya kijani iliyokolea. Nilimwita Bi. Saumu, akaja, akatazama, akasema tu, "Mwambie Hamisi aende kwenu."

Baba alikuja asubuhi, amevaa koti lake la kanisani, mama nyuma yake na kuku, na mkungu wa ndizi umebebwa na Hamisi kutoka steji. Alipanda ngazi taratibu akigusa ukuta kama anayepima. Mlangoni alijikaza aseme Kiswahili, lugha aliyoitumia kwa wageni na makarani. "Hodi hapa. Nyinyi iko salama?"

"Bwakire, tata," Bi. Saumu akamjibu kwa salamu yetu ya asubuhi, akimwita baba, na akaendelea kwa Ekegusii safi, akimwuliza habari za nyumbani, za ng'ombe, za chai, kama mtu aliyezaliwa ng'ambo ya mto wao.

Nilimwona baba akibadilisha mguu wa kusimamia. Kuanzia hapo hakuna aliyekumbuka Kiswahili. Haya ninayokuambia waliyasema kwa Ekegusii.

Hakukubali kukaa. "Kwanza nionyesheni," alisema.

Tukampeleka roshani. Alisimama katikati ya kijani kile, kofia mkononi. Alikwenda chungu kimoja baada ya kingine. Aliinua mkebe akatazama chini yake, akaona matundu, akanguruma kidogo kooni. Aligeuza majani akatafuta wadudu upande wa nyuma. Kisha akatia kidole kwenye udongo, akachota, akausugua kwenye kiganja, akaunusa.

"Huu naujua," alisema. "Huu ni udongo wangu."

Mama yangu alitazama sakafu, maana yeye ndiye aliyenijazia gunia.

"Udongo ni wako," Bi. Saumu alisema, "binti ni wako, mnanaa ni wangu. Sasa tugombane juu ya nini?"

Baba yangu hakuwa mtu wa kucheka mbele ya wakwe. Lakini mabega yalimtikisika, akageukia kichochoroni asionekane. Aliporudi uso wake ulikuwa mwingine.

Alikaa. Nikamletea chai ya rangi, nanaa imetumbukizwa mbichi na kufunikwa kidogo ili harufu isitoroke. Alinusa kwanza, akanywa, akashikilia kikombe kwa mikono yote miwili. Alikinyoosha kikombe kitupu kwangu, nikaongeza. Hamisi alikuwa amekaa wima kama mwanafunzi anayengoja matokeo. Walizungumza habari za mvua, na Bi. Saumu akamsimulia ya mawe, jinsi mimi nilivyolia na jinsi nilivyoshika kisu. Baba akanitazama. "Ulikata mwenyewe?" Nikasema ndiyo, nilikata. Akatikisa kichwa polepole, kama anavyofanya akiona ng'ombe mzuri wa jirani.

Wakati wa kuondoka ulipofika, alisimama mlangoni akasita. Kisha akamwambia Bi. Saumu, kwa sauti ya mtu anayeomba kitu kikubwa, "Mama Hamisi, nipe mbegu."

Labda wewe uliyezaliwa juzi hulioni neno hilo. Kwetu huombi mbegu kwa mtu asiye na boma. Unaomba mbegu kwa mkulima mwenzako. Mama yangu alilielewa, akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. Mimi nilielewa, nikashika mkono wa Hamisi waziwazi mbele ya wazee, kitu ambacho hakikuwa adabu, na hakuna aliyenikemea.

Bi. Saumu alimpa mkebe mzima uliojaa. "Lakini uuache humu humu," alimwonya. "Usiushushe ardhini. Huyu anatambaa."

"Mimi nimelima tangu sijaota ndevu," baba alisema. "Mmea mdogo hivi utanifanya nini?"

Unaweza kukisia. Aliushusha ardhini, tena kwenye mboga za mama, kati ya managu na saga, mahali penye samadi nzuri. Msimu haukuwa hata umekwisha. Tulikuwa dukani tukasikia hodi, na baba akaingia bila mwaliko, bila koti la kanisani, akiwa na udongo mikononi.

"Mama Hamisi," alisema, "yule mgeni uliyenipa ameoa shamba langu. Mke wangu hanipikii. Natafuta managu, napata mnanaa. Naung'oa leo, kesho umetokea upande wa pili unanicheka."

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," Bi. Saumu alimjibu, akipima kitambaa bila kuinua uso. "Wewe ulimpa shamba."

Sote tulicheka siku ile, na baba zaidi ya wote. Alirudi nyumbani na mzigo wa mikebe mitupu aliyotobolewa na Hamisi, na tangu hapo ukienda kwetu uliona safu ya masufuria mabovu imepangwa ukutani, kila moja limejaa mnanaa. Wenzake waliokuja kumtembelea waliondoka na matawi yamefungwa kwenye jani la mgomba. Na kila alipokuja mjini sokoni alipanda ngazi zetu kunywa chai, akabishana na Bi. Saumu juu ya maji, jua na samadi, mpaka uzee ukawazuia wote wawili kupanda ngazi.

Mimi nimekuwa mzee sasa kama walivyokuwa. Kwa hiyo nisikilize.

Mwanangu, usingoje ekari ndipo uanze. Anayengoja shamba kubwa mkono wake husahau kazi, na siku shamba likija atakuwa mgeni ndani yake. Tafuta tawi kwa jirani. Hakuna mwenye mnanaa atakayekunyima, na kama atakunyima basi wake hautadumu. Utoboe mkebe kabla ya kuujaza. Uweke penye jua la asubuhi na kivuli cha mchana, udongo uwe na unyevu bila kutota, na mimea ikishabanana uigawe bila huruma ya uongo. Ukivamiwa na wadudu usikimbilie dawa, uoshe kwa maji ya sabuni laini kisha uusuuze. Ukipigwa, kata chini usubiri. Nimepigwa na mambo mengine maishani yaliyokuwa mazito kuliko mvua ya mawe, nikafanya vivyo hivyo, na sijajuta.

Lililoshika mizizi usilichokoe, iwe mche, iwe ndoa, iwe neno ulilomwambia mzazi mkaidi. Lipe maji, liache. Na kitu chochote chenye nguvu kiwekee mpaka mapema, hata kikiwa kizuri, hata kikinukia, kwa maana kizuri kisicho na mpaka hula chakula cha wenzake. Upendo wa wakwe ni mzuri. Uwe na ukingo. Kazi ni nzuri. Iwe na ukingo. Bi. Saumu aliishi nami chumba kwa chumba miaka mingi, na hakuwahi kufungua sufuria yangu kuonja bila kuniuliza. Nami kwake hivyo hivyo. Ndiyo maana tulipendana mpaka siku nilipomfumba macho.

Nenda sasa, mwanangu. Mungu akufungulie riziki ya halali pale pale ulipo, kabla hajakupeleka unapotaka. Nyumba yako, iwe ya juu au ya chini, ya kupanga au ya kujenga, isikose mgeni wa heri wala kitu cha kumpa. Wakwe zako wakupende bila kulazimishwa. Mvua ikupate umejiandaa, jua likukute unafanya kazi, na uzee ukukute una watu wa kukaa nao. Amina.